Delia na Konde la Watoto

Delia Mulkerrin ni mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi, na hapa Rinnglas, kijiji chetu cha pwani, hakuna mtu ambaye hajapata kugombana naye. Ufunguo wa ukumbi wa kijiji unakaa kwake. Ukitaka kufanya harusi, matanga au mashindano ya karata, huna budi kwenda kwa Delia, uketi, unywe chai, usikilize aliyo nayo moyoni juu ya watu waliourudisha ukumbi mchafu, ndipo akupe ufunguo. Kanisani huimba kwa sauti kubwa kuliko wote na kwa kukosea kuliko wote, na hajatokea padri wa kuthubutu kumwambia.

Mimi nilikuja hapa nikiwa msichana, kufundisha shule ya msingi. Nikaolewa na mvuvi wa kambakoche, nikazeekea hapa hapa. Bado wananiita mwanamke aliyeletwa na upepo, maana kwa watu wa Rinnglas, kama bibi yako hakuzikwa kwenye makaburi ya kanisa hili, wewe ni mgeni tu, hata ukae hadi meno yakuishe. Nyumba yetu na ya Delia zinatazamana. Kati yetu ni barabara na dimbwi la maji lisilokauka. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe, na machache niliyasikia kwa mumewe, Festy, mtu ambaye kumtoa neno ilikuwa kazi sawa na kung'oa jiwe ardhini.

Festy alikuwa mjenzi wa kuta za mawe. Nusu ya kuta zinazogawa mashamba kutoka kanisani hadi rasini zilipita mikononi mwake, mawe makavu matupu bila tone la saruji, na hakuna dhoruba iliyowahi kuzilaza.

Walioana miaka ya hamsini, wote wawili hawana kitu ila ng'ombe mmoja na nyumba ya mamake Festy. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwezi wa Novemba, mvua ikipiga kwa ubavu, na alizaliwa kimya. Alikuwa msichana. Mkunga alimfunga kitambaa cheupe, akamwonyesha Delia uso wake mara moja, kisha akatoka naye.

Siku zile mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa hakuzikwa makaburini pamoja na Wakristo. Hakusomewa misa wala kupigiwa kengele. Baba yake alimtia kwenye kisanduku, akambeba chini ya koti kabla majirani hawajaamka, akaenda naye rasini, juu ya bahari, kwenye kipande cha ardhi kinachoitwa Konde la Watoto. Akamzika huko, akaweka jiwe la kawaida lisilo na maandishi, akarudi. Ndivyo walivyofanya baba na babu za watu wa hapa. Mama hakwenda. Mama alibaki kitandani, na alipoinuka watu walimpa pole kama vile alikuwa na homa.

Delia aliniambia kwamba Festy aliporudi alinawa mikono, akanywa chai kwa kusimama, akaenda zake kazini. Hakusema alipomzika mtoto, na Delia hakuuliza. Alidhani angeuliza jioni. Jioni ikasogea hadi kesho, kesho ikasogea hadi Krismasi, na Krismasi ilipopita likawa neno lisiloulizika tena. Walipata watoto wengine watatu, wakawalea, wakawasomesha, na wote wakavuka bahari kama ilivyo desturi yetu, wawili Boston na mmoja London. Mtu akimwuliza Delia ana watoto wangapi, alijibu watatu. Kila alipojibu hivyo, aliniambia, alisikia ladha ya chuma ulimini.

Kisha ikaja dhoruba ya Januari, ile iliyong'oa paa la ukumbi na kuirusha mashua ya Murty Keady hadi uwanja wa mpira. Tulikaa bila umeme siku nyingi, tukipika juu ya moto wa mboji, ule udongo wa kinamasi tunaoukausha na kuuchoma badala ya kuni, kama zama za bibi zetu. Upepo ulipotulia, watu walitoka kutazama hasara zao. Delia alikuwa amepotelewa na kondoo, akaniomba nimsindikize rasini kumtafuta.

Kondoo tulimkuta mzima, amejibanza nyuma ya ukuta, anatutazama kama sisi ndio tuliopotea. Lakini Delia alikuwa ameshamsahau. Alikuwa amesimama kwenye Konde la Watoto, anatazama chini. Bahari ilikuwa imeumega ukingo kama mtu anavyomega mkate. Udongo mwekundu ulining'inia hewani, na baadhi ya yale mawe madogo ya makaburi yalikuwa yameanguka ufukweni, yamechanganyika na mawe mengine, huwezi kuyatambua.

Niliwahi kusikia habari za mahali pale, lakini kwa kunong'onezwa, na kwa kuwa mimi ni wa kuletwa na upepo sikuwahi kuuliza. Nikamshika Delia mkono nikamwambia arudi nyuma, ukingo usije ukakatika. Hakusogea.

"Mwalimu," akasema, maana mpaka leo ananiita hivyo, "mimi nina mtoto hapa. Sijui yuko wapi. Huenda keshachukuliwa."

Tulirudi na yule kondoo, na njia nzima Delia, ambaye hajui kunyamaza, alinyamaza.

Alianza kwa njia ya kistaarabu. Alipanda basi hadi mjini, kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia pwani. Huko walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamweleza kwamba fedha za mwaka ule zilikuwa za gati na barabara, na kwamba konde lile halikuwa kwenye ramani yoyote. Kutoka huko alikwenda kwa padri. Padri Cathal Lavelle alikuwa kijana, mgeni kwetu, na alikuwa akimwogopa Delia tangu siku aliporudisha ufunguo wa ukumbi akasahau kufunga madirisha. Alimsikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlengalenga, lakini akasema kwamba jambo hili ni zito, linagusa majeraha ya watu wengi, na kwamba ingefaa kwanza amwandikie askofu.

"Mwandikie, Padri," Delia akamjibu. "Lakini bahari haimsubiri askofu."

Kesho yake nilimwona kutoka dirishani kwangu, amevaa buti za mpira na koti la Festy, anapita na toroli. Alikuwa akiokota mawe ufukweni na kuyapanga chini ya ukingo, kuikinga ardhi isiendelee kuanguka. Jiwe moja, jingine, jingine. Kufikia adhuhuri alikuwa na kichuguu kisichofika magotini. Usiku bahari ilikuja ikakitawanya. Asubuhi akaenda tena.

Watu walicheka, si kwa ubaya, ila ndivyo tulivyo. Hapa mtu akivaa kofia mpya anachekwa wiki nzima. Murty Keady alisema baani, mbele ya watu, kwamba Delia anajenga ngome kwa kuwa amesikia Wahispania wa zama za kale wanarudi na manowari zao. Maneno yakamfikia Delia kabla Murty hajamaliza bia yake. Alimkuta asubuhi nje ya duka.

"Murty, mashua yako bado imelala golini?"

"Bado, mama."

"Basi ukitafuta watu wa kukusaidia kuitoa, njoo na jiwe kwanza."

Murty akajikuna kichwa. Siku ile ile alasiri alikwenda rasini na mawe mawili, moja kila kwapa, akidai alikuwa anapita tu. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kwenda baada ya masomo. Tukawa watatu.

Shida ya kwanza ilikuwa Malachy Tierney. Shamba la rasini lilikuwa lake, na ng'ombe wake walilisha hadi kwenye kingo za Konde. Malachy si mtu mbaya. Ni mtu aliyerithi ardhi ndogo yenye mawe mengi na anaogopa kunyang'anywa hata hicho kidogo. Alikuja na fimbo yake na mbwa wake akatuambia kwamba hataki watu wakanyage majani yake. Leo mawe, kesho njia ya miguu, keshokutwa serikali itasema ni mahali pa historia na yeye hatapata ruhusa ya kupitisha hata ng'ombe. Delia alibishana naye mpaka mbwa akachoka akalala. Malachy hakulegea. Alisema neno lake la mwisho ni hilo: mwisho wa wiki anafunga waya.

Jumamosi Delia akaniambia twende kwa akina Tierney. Alikuwa ameoka mkate wa soda, ule usiotiwa hamira, bado una moto, ameufunga kwa kitambaa. Nilidhani anakwenda kumbembeleza Malachy. Kumbe hakuwa anakwenda kwa Malachy.

Mama yake Malachy, Sabina, alikuwa na miaka tisini au alikaribia, na alikuwa anakaa siku zote kando ya jiko, blanketi magotini, redio sikioni. Watu walisema hasikii. Ukweli ni kwamba alisikia alichokitaka. Delia aliweka mkate mezani, akamsalimia, akaketi kwenye kigoda mbele yake, akamweleza habari yote: dhoruba, ukingo, mawe yaliyoanguka. Malachy alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, anasubiri zamu yake ya kukataa.

Sabina alizima redio.

"Umeanguka upande gani?" akauliza. "Wa gati au wa kisima?"

"Wa kisima," Delia akasema.

Bibi akafumba macho. Midomo ilimcheza kidogo, nikafikiri anasali. Alipofumbua alimtazama mwanawe.

"Malachy, baba yako aliwahi kulima konde lile?"

"Hakuwahi, Mama. Alisema lina mawe."

"Shamba lote lina mawe. Mbona kwingine alilima?"

Malachy akageukia dirisha la upande wa rasini.

"Dada zako wamo mle," Sabina akasema. "Wawili. Mmoja kabla yako, mmoja baada yako. Baba yako aliwazika upande wa kisima, na kila akiswaga ng'ombe alipita mbali, mpaka akafa. Wewe unapitisha ng'ombe juu yao, mwanangu, na mimi nimekaa hapa nikikutazama dirishani kwa sababu sikujua nianzie wapi."

Jiko lilikuwa linaunguruma. Malachy, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikunjua mikono yake akaitazama kama si yake. Akauliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuambiwa.

"Nani aliambiwa?" mama yake akajibu. "Niletee hapa mmoja aliyeambiwa." Kisha akamgeukia Delia. "Mkate huu una zabibu?"

"Unazo."

"Kata basi. Na wewe, Malachy, kesho baada ya misa utaniandalia tela."

Kesho yake watu waliotoka kanisani walishuhudia jambo ambalo linasimuliwa mpaka leo. Trekta ya Malachy ilipita katikati ya kijiji mwendo wa konokono, nyuma yake tela, na ndani ya tela Sabina Tierney amekaa juu ya kiti cha jikoni kilichofungwa kwa kamba, blanketi mbili mabegani, kofia yake ya misa kichwani, na jiwe mapajani. Hakumpungia mtu mkono. Alitazama mbele. Wazee waliokuwa wamesimama ukutani mwa kanisa wakivuta sigara walivua kofia mmoja mmoja bila kuambiwa.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumwita mtu. Wanawake walikuja kwanza, wengi wao wazee, kila mmoja na jiwe lake. Wengine walilileta kwenye kikapu cha sokoni, mwingine kwenye kigari cha mjukuu. Baadhi walisema wana nani pale. Baadhi walilaza jiwe tu, wakasimama kidogo, wakaanza kuuliza chai iko wapi. Hakuna aliyemhoji mwenzake. Lakini niliona wanawake waliokuwa majirani maisha yao yote, waliokopeshana sukari na kuzozana juu ya kuku, wakitazamana kama wanaonana mara ya kwanza. Kumbe kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake.

Kisha wakaja wanaume, na hao walikuwa na lao, maana wao ndio waliobeba visanduku. Murty alikuja na baba yake, mzee aliyetembelea magongo mawili. Yule mzee alisimama ukingoni akasema waziwazi kwamba alikuwa na miaka kumi na sita alipotumwa kumzika ndugu yake mdogo kwa sababu baba yao alikuwa Scotland kuvuna viazi. Alisema hivyo akaomba sigara. Tangu siku ile Murty hakuwafanyia utani tena waliokuwa rasini. Aliwafanyia utani walioko baani.

Padri Cathal naye akaja, na buti mpya kabisa, akabeba mawe bila kuhubiri. Jibu la askofu lilikuwa bado. Delia alimwangalia siku nzima, jioni akamwambia kwamba ingawa ni padri, anajua kubeba. Padri alilala na furaha usiku ule, nadhani.

Mtu mmoja tu hakuja. Festy. Kila asubuhi alimwona mkewe anavaa koti lake, na kila asubuhi alitia mboji motoni, akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye kazi za watu. Kijiji kizima kilijiuliza: ukuta unajengwa, na mjenzi wa kuta hayupo. Nilimwuliza Delia kwa nini asimwombe. Akasema hatamwomba. Akasema, "Akija kwa kuombwa atakuwa amekuja kwa ajili yangu. Mimi nataka aje kwa ajili yake mwenyewe." Lakini nilimwona akigeuza shingo kila aliposikia hatua njiani.

Ukuta wetu, niseme kweli, ulikuwa aibu. Kila mtu alikuwa ameweka jiwe lake alipopenda, makubwa juu, madogo chini, na palipobaki tundu tulisukumiza kokoto. Ulikuwa mrefu, lakini ulikuwa na tumbo mbele kama mtu aliyeshiba.

Alikuja Kwaresima ilipokuwa imekaribia kwisha, asubuhi moja ya ukungu mwepesi. Tulisikia mlio wa chuma kwenye mawe, tukageuka. Festy amesimama na mtaimbo begani na nyundo mkononi. Hakusalimu. Alitembea kando ya ukuta toka mwanzo hadi mwisho, akainama, akachungulia, akaweka kiganja juu ya lile tumbo.

"Nani amejenga hivi?" akauliza.

"Sote," Murty akasema.

"Inaonekana."

Akachomeka mtaimbo chini ya jiwe la kwanza, akaangusha ukuta wetu wa wiki nyingi. Watu walilalamika, Malachy akaweka mikono kichwani. Festy aliendelea kama hasikii. Alipomaliza alichora mstari kwa kisigino chake, akanyooshea kidole mwamba mkubwa uliokuwa mbali, akasema huo ndio wa chini, nenda na trekta. Malachy akaenda. Kuanzia siku ile tulikuwa na fundi. Alitufundisha kwa maneno machache: mkubwa chini, kichwa cha jiwe kielekee ndani, kila jiwe likae juu ya mawili, ukuta uegemee ardhi na usisimame wima mbele ya bahari kama mlevi anayetafuta ugomvi. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, na aliyasema kana kwamba anayaambia mawe.

Na Delia alimpa mawe, mkono kwa mkono. Hawakuzungumza. Siku tatu nne zilipita hivyo.

Kisha ikawa alasiri, watu wameketi kwenye majani wanakunywa chai, mimi nazunguka na chupa ya chai. Festy alikuwa amesimama peke yake juu, ndani ya Konde. Akaweka kikombe chini. Akamwita mkewe.

"Delia. Njoo."

Alikwenda. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yao na sikujua niende wapi, kwa hiyo nilisikia. Festy alimwongoza mbali na ukingo, hadi karibu na mti wa miiba ulioinamishwa na upepo. Chini yake palikuwa na jiwe bapa, ukubwa wa mkate, na jiwe hilo lilikuwa safi. Kuvu na majani vilikuwa vimekwanguliwa pembeni mwake, si mara moja. Ilionekana ni kazi ya miaka.

"Yuko hapa," Festy akasema. "Hajaguswa. Nilikuja kutazama siku ile ile ya dhoruba."

Delia akapiga magoti. Alikaribia kulala kifudifudi, kiganja chake juu ya lile jiwe. Akasema, bila kugeuka, "Miaka yote hii, Festy."

"Nilidhani ukipajua utakuja, na ukija hutainuka." Akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Nilimpa jina. Sikuweza kumwacha hivi hivi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikakinga maji kwa mkono, nikamwita Sorcha, kama mama yangu. Sijui kama inahesabika."

"Inahesabika," Delia akasema.

Nilirudi kwa wengine na chupa yangu. Nilimwona Padri Cathal anainuka kwenda kwao, nikamshika mkono wa koti, nikamwambia aketi, amalize chai. Akaketi. Nilipotazama tena, Festy naye alikuwa amepiga magoti, na ndiye aliyekuwa analia, na mkewe anampangusa uso kwa ncha ya mtandio kama anavyopanguswa mtoto aliyechafuka.

Waliinuka jua likielekea magharibi. Delia alitushukia akiwa na nyasi magotini. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa padri.

"Padri, maji ya mvua yanabatiza au hayabatizi?"

Nadhani Padri Cathal alimfikiria askofu. Kisha akamtazama Festy aliyekuwa anashuka nyuma yake, kofia bado mkononi.

"Yanabatiza," akasema.

Ukuta ulimalizika mwezi wa Mei. Askofu alijibu wakati huo, na alijibu vizuri, kwa hiyo Jumapili ya pili ya Juni tulifanya misa pale pale, meza ya jikoni ya akina Tierney ikiwa altare. Watoto wa kijiji waliotawanyika walikuja. Binti yake Delia, Attracta, alifika kutoka Boston. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba ana dada, na alikuwa na hasira njiani kote, aliniambia, mpaka alipomwona baba yake amevaa suti anang'oa magugu kwa kisu cha mfukoni. Mvua ilinyesha tangu mwanzo wa misa hadi mwisho. Hakuna aliyefungua mwavuli. Padri aliwaambia watu kwamba mwenye jina la kutaja alitaje, na asiye na jina aseme tu ni wa nani. Kisha Sabina, kutoka kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri: "Wangu ni wawili, na nimewachagulia majina leo asubuhi, Una na Ciss, na anayetaka kubisha abishe." Watu wakacheka huku wanalia, na baada ya hapo majina yakaja, mengi, kutoka kila upande, mengine kutoka kwa watu ambao mpaka saa ile hawakujua kama wangesema.

Na Delia aliongoza nyimbo. Aliimba vibaya vile vile. Chini ya mvua ile tulimfuata alikokosea.

Malachy hakufunga waya. Alibomoa kipande cha ukuta wake mwenyewe upande wa barabara, akamwomba Festy amjengee nguzo mbili, akatia lango dogo lisilo na kufuli. Serikali haikumnyang'anya kitu. Sabina alifariki majira ya baridi yaliyofuata, redio sikioni, na kwa ombi lake jeneza lilipitishwa rasini kwanza. Festy aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Sisemi aligeuka msemaji, lakini jioni nilipita nje ya dirisha lao nikasikia sauti mbili badala ya moja, na hilo lilikuwa jipya barabarani kwetu. Alipofariki, Delia alivaa nyeusi mwaka mzima, akagombana na mchonga jiwe la kaburi juu ya ukubwa wa herufi, akashinda. Sasa akiulizwa ana watoto wangapi husema wanne, na mtu akishangaa, humweleza.

Sabini na mitano ametimiza mwaka huu. Majira ya kiangazi yaliyopita aliamua kwamba hajawahi kuoga baharini maisha yake yote, yeye mtoto wa pwani, na kwamba hiyo ni aibu. Wanawake vijana wa hapa wana mtindo wa kukutana gatini Jumamosi asubuhi na kujitosa majini, baridi iwepo isiwepo. Delia akanunua vazi la kuogelea la rangi ya zambarau akajiunga nao. Haogelei hasa, anasimama maji yakimfika shingoni, anashika kamba ya mashua ya Murty, anaongea. Attracta amepiga simu kutoka Boston kumkataza. Daktari amemkataza. Amewaambia wote wawili waje wamtoe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtazama, nimevaa koti langu zito, nimeketi juu ya vyombo vya kutegea kambakoche. Walikuwa sita majini, vichwa vinaelea, vicheko vinafika hadi kanisani.

"Mwalimu, shuka!" akaniita. "Maji yana joto."

Meno yake yalikuwa yanagongana. Uongo huo ulisikika mpaka juu ya gati.

Nikamwambia mimi ni mwanamke aliyeletwa na upepo, mambo ya bahari niwaachie wenyewe.

"Miaka arobaini hapa, ndipo unakumbuka hilo leo," akasema. "Vua viatu, shoga, kabla sijaja kukuvua mimi."

Nikaangalia kama mume wangu yuko karibu. Hakuwepo. Nikavua viatu.